Walaji wa Mawe: Habari za Lundo la Kasese

Lugha yetu husema kwamba kutu hula chuma. Jembe lililosahauliwa uani wakati wa masika huliwa. Bati la paa huliwa. Bomba lililofukiwa ardhini huliwa pia. Na palipo na kuliwa, akili hutafuta mlaji. Wazee waliotuachia usemi huu hawakuwa na darubini, na kwa hakika kutu ya kawaida ni kazi ya hewa na maji tu, isiyohitaji kiumbe hai. Hata hivyo, mwaka 1934 wataalamu wawili wa Uholanzi, von Wolzogen Kühr na van der Vlugt, walionyesha kwamba mabomba ya chuma yaliyofukiwa katika udongo mzito usiopitisha hewa huharibiwa kwa msaada wa bakteria. Mahali ambapo hewa imekosekana, na kutu ilitazamiwa kukoma, mlaji alipatikana.

Atazamaye milima ya Uluguru kutoka Kihonda huona mawe na misitu, na aghalabu hudhani kwamba mawe hayana habari na uhai. Lakini mawe yale yamekuwa yakimegwa tangu zama zisizohesabika. Mvua huyalainisha, mizizi huyapasua, na kuvu na bakteria huyatoa chumvi zake kidogo kidogo hata yakawa udongo mwekundu wenye kutu ya chuma ndani yake. Ashukaye kwenye kijito chochote cha mlimani na kukanyaga jiwe la majini ataujua utelezi wake. Utelezi ule aghalabu ni utando wa viumbe vidogo. Bakteria hawapendi kuishi mmoja mmoja wakichukuliwa na maji. Hujigandamiza juu ya jiwe, hutoa ute, na ndani ya ute huo hujenga mji. Humo hulindana na ukavu na sumu, na humo hushikana na jiwe kwa karibu sana hata wakaweza kulila.

Mbona basi elimu hii ilichelewa kutufikia? Sababu moja ni kwamba tulifundishwa kuwajua bakteria kwa upande wa maradhi. Robert Koch, aliyetambua bakteria wa kifua kikuu mwaka 1882, alifika mwenyewe katika nchi zetu, na mwaka 1906 na 1907 alikaa katika visiwa vya Sese, Ziwa Viktoria, akipambana na ugonjwa wa malale. Jina lake na la kazi yake likaenea, na neno bakteria likawa jamaa ya neno ugonjwa. Lakini katika miaka ile ile ya 1880, Mrusi mmoja, Sergei Winogradsky, alikuwa amegundua jambo la ajabu zaidi: wapo bakteria ambao hawali nyama, wala mti, wala mtu. Hao hupata nguvu ya kuishi kwa kuunguza salfa na chuma, kama sisi tuunguzavyo wanga wa ugali. Mwaka 1947 Arthur Colmer na M. E. Hinkle waliwakuta bakteria wa namna hii katika maji makali yatokayo migodi ya makaa ya mawe ya Marekani, wakathibitisha kwamba ukali ule ulikuwa, kwa sehemu kubwa, kazi yao.

Kazi yenyewe ni hii. Liko jiwe la manjano ling'aalo, liitwalo pairiti, ambalo huwadanganya wengi kuwa ni dhahabu. Ni chuma kilichofungamana na salfa. Likiwa chini ya ardhi hukaa salama mamilioni ya miaka. Likichimbwa na kusagwa, na likapata hewa na maji, bakteria hujipachika juu yake kwa utando wao. Hukigeuza chuma kilichoyeyuka kuwa chuma cha hali kali zaidi, chuma hicho hushambulia jiwe, na salfa yake huwa tindikali. Bila bakteria jambo hili hutokea polepole mno. Pamoja nao huenda kasi mara nyingi zaidi. Na kwa kuwa tindikali huyeyusha madini mengine yaliyo karibu, maji yatokayo hapo hubeba shaba, kobalti na nikeli hadi mitoni.

Katika Afrika Mashariki, mahali ambapo historia imeyaandika haya kwa herufi kubwa ni Kasese, chini ya milima ya Ruwenzori, Uganda. Mwaka 1956 mgodi wa shaba wa Kilembe ulianza kutoa mali, na mwaka huo huo reli ikafika Kasese. Shaba ilichukuliwa kwa gari la moshi hadi Jinja, ikayeyushwa huko kwa umeme wa maporomoko ya Owen, kisha ikasafirishwa kwenda ng'ambo. Katika uhai wake wote mgodi ulichimbua tani zipatazo milioni 16 za mawe. Lakini mawe ya Kilembe yalikuwa na pairiti pia, na ndani ya pairiti ile mlikuwa na kobalti, kiasi cha asilimia 1.4 hivi. Haikuwapo njia ya faida ya kuitoa wakati ule. Pairiti ikatengwa, ikarundikwa mahali peupe Kasese, ikangoja siku za mbele.

Watu walingoja, bakteria hawakungoja. Uchimbaji ulififia katika miaka ya 1970, wakati wa misukosuko ya Uganda, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ukakoma. Lundo likabaki, karibu tani milioni moja, halina ukuta wala paa. Kila mvua ilipolinyeshea, maji ya tindikali yalitelemka kuelekea Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth na Ziwa George, ambako wavuvi hutega nyavu zao. Katika njia ya maji hayo majani yalikufa, ardhi ikawa uchi, na ukanda mrefu usioota kitu ukaonekana katikati ya mbuga. Hapana aliyeagiza uharibifu huu. Ulikuja kwa kuwa hapana aliyelitunza lundo.

Hapo ndipo habari ikageuka. Mwaka 1992 iliundwa kampuni ya kobalti ya Kasese, na kwa ushauri wa wataalamu wa jiolojia wa Ufaransa, wa taasisi ya BRGM, ikajenga kiwanda kilichoanza kazi mwaka 1999. Pairiti ilitolewa katika lundo, ikatiwa katika matangi makubwa ya maji makali, ikakorogwa na kupulizwa hewa. Walioajiriwa kuila walikuwa bakteria wa jamaa zile zile zilizokuwa zikiharibu mbuga. Walipewa chakula cha chumvi mfano wa mbolea ya shamba, na joto lao likawekwa kiasi cha nyuzi 42, kwa maana kazi yao hutoa joto jingi na yasipopozwa maji huwaua wenyewe. Baada ya siku chache jiwe lilikuwa limeyeyuka. Ukali wa maji ulipunguzwa kwa chokaa, na kobalti ikavutwa kwa umeme, ikawa chuma safi cha kuuzwa. Kazi hiyo iliendelea zaidi ya miaka kumi, hata lundo lilipokwisha.

Msomaji na apime mambo haya mawili pamoja. Kiumbe ni kile kile, jiwe ni lile lile, tindikali ni ile ile. Nje ya tangi ilikuwa hasara ya mbuga na ziwa. Ndani ya tangi ilikuwa mali ya taifa. Kilichotenga hasara na mali kilikuwa ukuta, na mtu wa kuuangalia. Na yafaa tukumbuke kwamba faida ilikuja na kupita, ilhali jeraha halikupona kwa kadiri ile ile. Masalia mengine ya mgodi yaliachwa kando ya Mto Nyamwamba, na mafuriko ya mwaka 2013 na ya 2020 yalipita humo yakiwa na nguvu ya kutisha.

Sisi wa Tanzania tusiyasome haya kama habari za jirani. Mwezi Mei 2009 maji ya tindikali yalivuja kutoka mgodi wa North Mara yakaingia Mto Tigithe, ambao wanakijiji waliutegemea. Mwaka 2021 Serikali ilitia sahihi mapatano ya nikeli ya Kabanga, wilayani Ngara, na nikeli ile imo katika mawe yenye salfa nyingi, yaani katika chakula wapendacho walaji tunaowaeleza. Wala haitoshi kusema Ngara ni mbali na Morogoro. Maji ya Uluguru hushuka kwa Mto Ruvu hadi kwenye mabomba ya Dar es Salaam, na mtu wa mjini anywapo hajui ameonja jiwe gani. Mlima wowote ukichimbwa, wa chini yake hulipa au hupokea.

Kwa hiyo mkataba wa mgodi usihesabu tani zitakazotoka peke yake. Uhesabu pia tani zitakazobaki, na useme kwa maandishi ni nani atakayezifunika, kwa fedha ya nani, na kwa miaka mingapi baada ya mchimbaji kwenda zake. Mchimbaji hufunga kazi siku bei ya madini ishukapo. Bakteria hana habari ya bei. Ataendelea kula maadamu lipo jiwe, hewa na maji, na wajukuu watakaoteka maji kwenye kijito ndio watakaokuta alichokibakiza.