Picha za Mlima Unaojificha: Kwa Nini Wapanda Milima Hutazama Safari za Wenzao

Tarehe 18 Juni 1906, Mtaliano aliyeitwa Luigi Amedeo di Savoia, Duke wa Abruzzi, alifika kwenye kilele cha juu kabisa cha milima ya Rwenzori. Kilele hicho, chenye urefu wa mita 5,109, alikiita Margherita, kwa heshima ya malkia wa Italia. Nilipokuwa shule ya sekondari wilayani Kasese, somo letu liliishia hapo. Mimi nataka kuanzia hapo, kwa sababu katika msafara ule alikuwemo mtu ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kuwaonyesha milima watu ambao hawakwenda. Aliitwa Vittorio Sella. Alikuwa na umri wa miaka 46, na tayari alikuwa amepiga picha za milima ya Alps, Kaukasi, Alaska na Himalaya.

Swali la insha hii ni dogo. Kwa nini mtu anayependa kupanda milima hukaa saa nzima akitazama picha za njia aliyopita mtu mwingine? Bwenini kwetu Kampala yuko mwenzangu mmoja wa namna hiyo. Amekwisha kupanda Elgon mara mbili, na kila usiku, bando likiwapo, huperuzi picha za watu asiowajua: tope hapa, daraja la mbao pale, mtu ameketi juu ya jiwe anakunywa chai. Tulipomwuliza anatafuta nini, alicheka tu. Wengine husema ni wivu, au ni mashindano ya kujionyesha. Sikubaliani nao. Majivuno yanaweza kueleza kwa nini mtu anaweka picha zake mtandaoni. Hayaelezi kwa nini mwingine anazitazama kwa furaha. Wahenga walisema macho hayana pazia, lakini hata macho yana sababu zake.

Jambo lenyewe si la leo. Mwaka 1851 Mwingereza Albert Smith alipanda Mont Blanc, na mwaka uliofuata akafungua maonyesho katika jumba la Egyptian Hall jijini London. Alisimama mbele ya watu na kuwasimulia safari yake huku michoro mikubwa ya mlima ikipita nyuma yake. Maonyesho hayo yaliendelea kwa miaka sita. Wengi waliolipa kiingilio hawakuwa na nia wala uwezo wa kukanyaga theluji. Kisha, mwaka 1861, Mfaransa Auguste-Rosalie Bisson alipanda mlima huohuo akiwa na wapagazi 25 waliobeba hema, dawa na vioo. Wakati ule picha ilipigwa kwenye kioo kilicholowa dawa, na ilibidi isafishwe papo hapo kabla dawa haijakauka. Kileleni waliyeyusha theluji ili kupata maji ya kuoshea vioo. Picha alizorudi nazo kutoka kileleni zilikuwa tatu tu. Watu ishirini na watano, picha tatu! Leo mtu mmoja hupiga mia tatu kabla ya chakula cha mchana, na pengine ndiyo maana nyingi hazina ladha.

Sella alizaliwa Biella, kaskazini mwa Italia, mwaka 1859. Baba yake aliandika kitabu cha kufundisha upigaji picha, na baba yake mdogo, Quintino Sella, ndiye aliyeanzisha chama cha wapanda milima cha Italia mwaka 1863. Kwa hiyo mambo yote mawili, kamera na mlima, aliyakuta nyumbani. Katika safari zake za mwanzo alitumia vioo vya sentimita 30 kwa 40, vyenye uzito ambao hakuna mwanafunzi wa leo angekubali kuubeba hata kutoka stendi ya mabasi hadi bwenini. Ansel Adams, mpiga picha mashuhuri wa Marekani, alizisifu sana kazi zake.

Sasa nije kwenye sababu ambayo kwangu mimi ni kubwa kuliko zote, nayo inaihusu Rwenzori kuliko karibu kila mlima mwingine. Mlima huu haujionyeshi. Mvua na ukungu huufunika siku nyingi za mwaka. Samuel Baker alifika Ziwa Albert mwaka 1864 asiione theluji yake. Emin Pasha aliishi miaka mingi si mbali nao, naye pia hakuiona katika miaka hiyo. Stanley mwenyewe alipita karibu nao mwaka 1876 bila kujua, na ni mwaka 1888 tu ndipo mawingu yalipofunguka mbele yake. Hao wote hawakuwa vipofu. Na Wakonzo, waliokaa miteremkoni vizazi kwa vizazi, walikuwa wakiijua theluji na kuiita Nzururu muda wote huo ambapo wageni walibishana kama ipo. Nalisema hili kwa sababu vitabu vingi bado vinasema Stanley "aligundua".

Hali ni ileile hadi leo. Mtu anaweza kutembea siku saba: Nyabitaba, John Matte, Bujuku, Elena, kisha Margherita, akavuka vinamasi vya Bigo kwa gambuti, akalala na soksi mbichi, akafika kileleni alfajiri, na asione chochote ila weupe. Picha yake ya kileleni inaonyesha kibao na uso wake tu. Mtu huyu akirudi nyumbani, hutafuta picha za wengine. Anatafuta siku yenye jua kwa mtu mwingine, ili ajue yeye alisimama wapi. Picha ya mgeni inamkamilishia safari yake mwenyewe. Wivu hauna nafasi hapo. Ni kama watu wawili walioingia nyumba moja, mmoja usiku na mmoja mchana, wakakutana baadaye na kuelezana vyumba.

Sella alilijua tatizo hili. Alizunguka kutoka kilele hadi kilele, akisubiri mawingu yafunguke, ili vipande vya picha viunganishwe kuwa mandhari moja pana. Mwaka 1908 picha hizo zilitoka katika kitabu cha Filippo De Filippi kuhusu msafara ule. Jambo la kushangaza ni kwamba De Filippi hakwenda Rwenzori. Aliandika kitabu kizima kwa kutumia kumbukumbu na picha za waliokwenda. Basi hata mwandishi wa kitabu maarufu cha safari ile alikuwa mtazamaji wa picha za wenzake, kama yule mwenzangu wa bwenini.

Ipo sababu nyingine ya kawaida, nami nitaipita haraka: maandalizi. Anayetaka kwenda anataka kuona tope lina kina gani na ngazi imefungwa wapi. Kitabu cha Osmaston na Pasteur cha mwaka 1972 kiliwafanyia wapanda milima kazi hiyo kwa miaka mingi. Leo picha ya jana inafanya zaidi, kwa kuwa njia hubadilika kila msimu. Kilimanjaro, tangu Agosti 2022, kuna intaneti katika kambi ya Horombo yenye mita 3,720, kwa hiyo picha inaweza kumtangulia mwenyewe kushuka.

Pia kuna ukaguzi. Mwaka uleule wa 1906, Septemba, daktari wa Marekani Frederick Cook alidai amefika kilele cha Denali huko Alaska, na akatoa picha kuwa ushahidi. Wapanda milima wenzake waliitazama kwa makini. Mwaka 1910 Belmore Browne na Herschel Parker walikwenda kutafuta mahali ilipopigwa, wakakapata kilima kidogo kilicho mbali sana na kilele chenyewe, wakapiga picha inayofanana nayo. Hakuna mtu wa kawaida ambaye angegundua. Jicho lililowahi kupanda ndilo linalojua kwamba jiwe lile haliwezi kuwa kileleni. Nadhani hii ni sehemu kubwa ya starehe yenyewe: kuitazama picha na kujua jambo ambalo mwingine hawezi kulijua, kwamba hapo upepo unatoka kushoto, kwamba huyo anayecheka amechoka sana.

Kuhusu Rwenzori, ukaguzi huo umegeuka kuwa jambo zito. Wanasayansi wanaopima barafu wanakadiria kwamba mwaka 1906 barafu ya milima hii ilifunika takriban kilometa za mraba 6.5. Mwaka 1987 zilibaki kama 2, na mwaka 2003 kama 1. Wakati wa Sella barafu ilikuwa juu ya milima yote sita: Stanley, Speke, Baker, Emin, Gessi na Luigi di Savoia. Emin, Gessi na Luigi di Savoia hazina tena. Waongozaji sasa hufunga kamba na ngazi mahali ambapo zamani mtu alitembea juu ya barafu. Picha za Sella, zilizopigwa ili kuwaonyesha Wazungu mlima mpya, zimekuwa kipimo cha kile tulichopoteza sisi. Wanaopanda leo huziweka sambamba na zao: kilele kilekile, upande uleule, miaka mia na zaidi katikati.

Kuna watakaosema barafu ni habari za watalii. Kasese hatuwezi kusema hivyo. Mito yetu hutoka huko juu. Mwezi Mei 2013 mto Nyamwamba ulifurika na kuharibu Kilembe, na Mei 2020 ukafurika tena, ukaiharibu hospitali ya Kilembe. Sisemi kwamba barafu kuyeyuka ndiko kulikoleta mafuriko. Mvua kubwa ilikuwepo, na mlima una mambo mengi. Nasema tu kwamba mtu anayeishi chini ya mlima anahitaji kujua unafananaje huko juu, na wengi wetu hatujawahi kufika. Kupanda kunahitaji siku nyingi, ada ya hifadhi, mwongozaji, vifaa na chakula. Mimi nimezaliwa nikiuona kutoka uwanjani kwetu, siku unapokubali kuonekana, na sijafika hata Bujuku. Kwa hiyo mimi pia ni mtazamaji wa picha za wengine, wala sioni aibu. Mlima wangu nimeufahamu kupitia kamera za Wajerumani, Wakenya na Wamarekani nisiowajua.

Lakini kuna mtu mmoja ninayemjua katika picha hizo. Baba yangu mdogo ni mpagazi. Amepanda mara nyingi kiasi kwamba ameacha kuhesabu. Nyumbani hatuna picha yake hata moja akiwa juu, kwa sababu simu yake huiacha kwa mkewe. Kumwona kazini, tunaperuzi picha za wageni. Tumempata nyuma ya mwanamke aliyevaa koti jekundu, tumempata mgongo tu, akivuka kinamasi na mzigo kichwani, tumempata mara moja akitazama kamera kwenye kibanda cha Elena. Mama alikuza picha hiyo hadi uso ukavunjikavunjika. Chini yake palikuwa na majina ya wageni wanne na alama ya moyo.

Historia hii nayo ilianza na Sella. Msafara wa 1906 ulishuka Mombasa, ukapanda treni hadi Kisumu na meli hadi Entebbe, kisha mamia ya wapagazi wakabeba mizigo kuelekea Fort Portal. Huko juu mizigo ilibebwa na Wakonzo, hadi kambi ya Bujongolo, chini ya mwamba mkubwa katika bonde la Mubuku. Wapandaji wa Alps waliolipwa kumsaidia Duke tunawajua kwa majina: Joseph Petigax na mwanawe Laurent, César Ollier, Joseph Brocherel. Katika picha za Wakonzo nilizoziona mimi, maelezo yanataja kabila tu. Kazi ni ileile, mlima ni uleule, baridi ni ileile. Haki ya jina haikuwa ileile. Kwa upande mwingine, mojawapo ya vibanda vya njia ya leo linaitwa John Matte, na Matte alikuwa Mkonzo aliyeongoza waongozaji wenzake. Jambo hilo linanifurahisha kuliko majina ya malkia walioko vileleni.

Likizo iliyopita nilimwonyesha baba mdogo picha ya Sella ya Bujongolo kwenye simu yangu. Alinyamaza kwanza, kisha akaanza kuisoma kama mtu anayesoma barua. Mwamba aliutambua mara moja. Akanieleza maji yanakodondoka, na mahali pa kulala ili usilowe, na kwamba wale watu walikuwa wameweka mizigo upande usiofaa. Halafu akaangalia wapagazi, mmoja baada ya mwingine, kwa muda mrefu kuliko alivyoangalia mlima. Akaniuliza, "Huyu wa mwisho, mwenye blanketi, ni mtoto wa nani?" Nikashuka hadi kwenye maelezo ya picha nikamsomea. Akaichukua simu mikononi mwangu akaendelea kutazama.