Ufunguo Ulioachwa Hadharani

Mei 2014 mvamizi mmoja aliokota ufunguo wa siri wa hifadhi ya taarifa za kampuni ya Uber. Hakuuiba. Mhandisi wa kampuni alikuwa ameuacha ndani ya msimbo wa programu huko GitHub, ghala la mtandaoni lililo wazi kwa kila msomaji. Majina na namba za leseni za maelfu ya madereva zikafikiwa. Kampuni iligundua Septemba, ikatangaza Februari 2015.

Kuufuta mstari wenye siri hakutoshi, kwa kuwa ghala la namna hii hutunza kila toleo lililotangulia (laiti nyaraka zetu za taifa zingetunzwa hivyo!). Sharti ufunguo wenyewe ubatilishwe.

Mhandisi yule namsamehe. Nisiyemsamehe ni mkuu wa usalama, Joe Sullivan. Novemba 2016, Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani ikiwa bado inachunguza uvujaji ule, alijulishwa kuhusu mwingine uliohusu watu milioni 57. Wavamizi walilipwa dola 100,000 wanyamaze; tume haikuambiwa. Oktoba 2022 mahakama ilimtia hatiani. Madereva wapatao 600,000, ambao namba zao za leseni zilichukuliwa, walikaa mwaka mzima bila kujua.