Masika ya 2020 Rufiji: Matumaini na Hesabu ya Vifo

Mjadala kuhusu namna Tanzania ilivyoikabili korona umekwama mahali pamoja. Wapo wanaosema Rais John Magufuli aliokoa riziki za wananchi kwa kukataa kuwafungia ndani, na wapo wanaosema aliuficha ugonjwa. Pande zote mbili huchukua maamuzi mawili na kuyafanya moja. Kutoifunga nchi lilikuwa jambo moja. Kuacha kutoa takwimu za Tanzania Bara baada ya Aprili 29, 2020, siku wagonjwa waliotangazwa walipofikia 480, lilikuwa jingine kabisa. Ninadai kwamba uamuzi wa kwanza ulikuwa na hoja na wa pili haukuwa nayo, na bonde la chini la Mto Rufiji, kuanzia Kibiti na Ikwiriri hadi visiwa vya delta, linalithibitisha hilo kuliko mahali pengine popote nchini.

Mgonjwa wa kwanza alitangazwa Machi 16, kesho yake serikali ikafunga shule, na masika yakaingia. Huo ndio msimu ambao familia za delta huhamia mashambani kulinda mpunga. Dungu, yaani kibanda cha kulindia shamba, hujengwa juu ya nguzo ili maji na viboko visilifikie, na mlinzi huishi humo hadi mavuno, mchana akifukuza ndege, usiku nguruwe. Ukimwamuru mtu huyo akae nyumbani kijijini, umemwamuru auache mpunga uliwe. Mtega kaa naye hana akiba ya kumkalisha. Maji yakipwa anaingia mikokoni, anapitisha fimbo yenye ndoano shimoni, anamtoa kaa mzimamzima na kumfunga magando upesi, maana kaa aliyekatika gando hushuka bei. Kaa hao husafirishwa wakiwa hai hadi China, na soko hilo liliyumba tangu mwanzoni mwa 2020, kabla korona haijatangazwa nchini. Kumwekea marufuku ya kutoka mtu ambaye tayari amepoteza mnunuzi kungekuwa kumwadhibu mara mbili.

Kibiti ilikuwa na sababu yake ya ziada ya kuogopa kufungiwa. Kati ya 2015 na 2017, watu wasiojulikana waliua viongozi wa vijiji, makada wa chama tawala na askari katika Kibiti, Rufiji na Mkuranga. Aprili 13, 2017, polisi wanane waliuawa kwa mkupuo. Mwezi uliofuata, bodaboda zilipigwa marufuku kuanzia saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi. Pikipiki huku ndiyo gari la wagonjwa. Mjamzito akishikwa na uchungu saa nne usiku, marufuku hiyo inamgusa yeye kabla ya kumgusa muuaji. Kwa hiyo wakazi walijua, miaka mitatu kabla ya korona, maana ya kufungiwa. Marufuku ya kutembea usiku ilipoanza Kenya Machi 27, 2020, kwa mabomu ya machozi kwenye kivuko cha Likoni, watu wa Kibiti hawakuhitaji kusimuliwa.

Lakini mwaka 2017 ulifundisha jambo la pili, nalo ndilo lililosahaulika. Hofu ya Kibiti ilikuzwa na giza la taarifa. Hakuna aliyejua nani anaua, kwa nini, wala zamu ya nani inafuata, na kila mgeni akawa mshukiwa. Serikali ilipoziba takwimu mwaka 2020 kwa hoja ya kuepusha taharuki, ililirudisha giza lile lile. Sala za kitaifa za Aprili 17 hadi 19 ziliwapa wengi nguvu, na sizibezi. Mwenye kuomba anastahili pia kujua anaombea nini.

Na ni Rufiji hiyo hiyo, kabla Kibiti haijawa wilaya yake yenyewe, iliyoionyesha dunia kwamba kuhesabu vifo huleta matumaini. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Wizara ya Afya, kwa msaada wa Canada, iliendesha mradi uliojulikana kama TEHIP katika wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini. Wadodosaji walizunguka Rufiji kaya kwa kaya kila baada ya miezi minne, wakiuliza nani kazaliwa, nani kahama, nani kafa. Palipotokea msiba walirudi baadaye, wakaketi na wafiwa, wakauliza polepole: homa ilianza lini, alipumua vipi, mlimpeleka wapi kwanza. Majibu yakaonyesha kwamba bajeti ya wilaya haikufuata magonjwa yanayoua, malaria hasa. Yakavunja pia dhana ya mijini kwamba wazazi wa Rufiji hukimbilia waganga wa jadi: katika zaidi ya robo tatu ya vifo vilivyotokana na malaria, wagonjwa walipelekwa kwanza kwenye tiba ya hospitali. Kasoro ilikuwa kwenye huduma waliyoikuta huko. Wilaya ikapanga fedha upya, ikiongezewa kiasi kisichofika dola 1 kwa kila mkazi kwa mwaka, na ndani ya miaka kama mitano vifo vya watoto vikapungua kwa takriban asilimia 40. Wazazi waliosimulia vifo vya watoto wao hawakupata taharuki. Walipata dawa.

Serikali ya Rais Samia Suluhu Hassan ilianza tena kutoa takwimu za korona katikati ya 2021, na chanjo ikazinduliwa Julai 28 mwaka huo. Hatua hiyo ni njema, ila haifidii masika ya mwaka uliotangulia, ambayo vifo vyake vya delta havitajulikana kamwe. Pengo hilo ni la zamani kuliko korona: udodosaji ulianza na kata sita za bara, zikiwemo Bungu, Kibiti na Ikwiriri, na visiwa vya delta vikaachwa nje. Kuwafikisha wadodosaji katika kata za delta za Msala, Maparoni na Kiongoroni kunahitaji boti kutoka gati la Nyamisati, mafuta na mishahara michache, gharama ambayo Halmashauri ya Kibiti inaweza kuiombea fungu katika bajeti ijayo.