Utulivu wa Pangani

Msafiri atokaye Tanga kuelekea kusini kwa njia ya pwani hukata kiasi cha kilomita 50 baina ya minazi na mashamba ya mkonge, ndipo afikapo mahali ambapo mto Pangani, ulioanza safari yake katika miteremko ya Kilimanjaro na Meru, unamwaga maji yake baharini. Mji umekaa ukingo wa kaskazini. Ng'ambo yake ni Bweni. Kusini-mashariki, nyuma ya upeo wa bahari, ipo Unguja, ambako wageni wa kila taifa hujazana katika fukwe za Nungwi. Kaskazini, kuvuka mpaka, ipo Diani ya Kenya, nayo ina umati wake. Kati ya pande hizo mbili zenye shughuli nyingi, Pangani ina ufuko mrefu, ngalawa chache, na kimya ambacho mtu wa mjini hukihisi masikioni kama kitu kizito.

Nilifika huko mara ya kwanza kwa kazi ya serikali, nikiwa na mkoba wa majalada na viatu visivyofaa mchanga. Siku ya pili nilivuka kwenda Bweni kwa pantoni. Mzee mmoja mwenye kanzu aliitikia shikamoo yangu, kisha akaniuliza, "Marahaba, mwanangu. Watoka Unguja au wenda Unguja?" Nilipomjibu kwamba nimekuja Pangani yenyewe, alinitazama kwa mshangao, akacheka. "Basi karibu. Wengi hutupita."

Waandishi wa vitabu vya safari huisifu Pangani kwa kuiita mji uliolala. Sifa hiyo inapendeza, lakini ina kosa ndani yake, kwa maana msomaji hudhani kwamba mji huu ulikuwa hivyo tangu kuumbwa kwake. Pangani haikulala, ililazwa, na miaka ya kulazwa kwake inajulikana.

Katikati ya karne ya 19 Pangani ilikuwa miongoni mwa bandari kubwa za Mrima. Misafara iliondoka hapa kwenda Usambara, Kilimanjaro na nchi ya Wamaasai, ikarudi na pembe za ndovu. Burton na Speke walifika mwaka 1857, wakapanda bara hadi Vuga kumwona Kimweri ye Nyumbai, mtawala wa Washambaa. Kando ya mto kulikuwa na mashamba ya miwa, na sukari yake ilipakiwa majahazini kwenda Unguja. Miwa hiyo ilipandwa na kukatwa kwa mikono ya watumwa, na mwalimu asiitaje fahari ya bandari ile bila ya kuitaja mikono hiyo. Wenyeji husimulia kwamba katika misingi ya Boma kongwe, lile lenye milango ya nakshi, walizikwa watumwa wangali hai ili jengo lisimame imara. Hata mtu asiyeyakubali masimulizi hayo atapaswa kujiuliza kwa nini watu wa mji huu wameona yanafaa kusimuliwa.

Mwezi wa Aprili 1888 Sultani Khalifa bin Said alitia saini mkataba wa kuikabidhi Kampuni ya Kijerumani ya Afrika ya Mashariki madaraka ya forodha na utawala wa pwani. Watu wa pwani hawakuulizwa. Agosti mwaka huo Emil von Zelewski, mjumbe wa Kampuni, alitaka bendera yake ipepee Pangani. Liwali alipokataa, waliteremshwa askari wa manowari, wakaingia hata msikitini pamoja na mbwa. Jambo hilo halikusahauliwa. Septemba wananchi waliwazingira Wajerumani ndani ya nyumba yao, ikambidi Sultani amtume Jenerali Lloyd Mathews kuja kuwaokoa. Na Mathews mwenyewe hakupokewa kwa heshima. Moto uliowashwa Pangani ulienea upesi katika miji mingine ya pwani.

Kiongozi mashuhuri wa vita hivyo alikuwa Abushiri bin Salim al-Harthi, mwenye shamba la miwa karibu na mji. Wajerumani waliviita vita vyake uasi wa Waarabu, na jina hilo liliwafaa sana. Bismarck aliliomba Bunge lake fedha za vita kwa hoja ya kupiga vita utumwa, na Januari 1889 akapewa. Lakini waliopigana hawakuwa Waarabu peke yao. Walikuwamo majumbe wa Mrima, Wazigua, Wabondei, wapagazi, na watu wa kawaida wa mijini. Na huko Saadani alisimama Bwana Heri. Abushiri, ambaye mwenyewe alikuwa tajiri wa shamba, aliongoza umati ambao haukuwa na haja zake zote. Mwanafunzi akilielewa jambo hili, atakuwa ameelewa kwa nini vita vile vilikuwa vikali na kwa nini umoja wake haukudumu.

Hermann von Wissmann alikuja na askari aliowaajiri Misri, wengi wao Wasudani, pamoja na wengine wa kutoka Msumbiji. Julai 1889 aliitwaa Pangani. Abushiri alikimbilia bara, akakamatwa, akaletwa katika mji ule ule, na tarehe 15 Desemba 1889 akanyongwa. Zelewski aliishi karibu miaka miwili zaidi, hadi Agosti 1891, alipouawa na Wahehe wa Mkwawa huko Lugalo.

Kilichofuata hakikuwa na kishindo. Mlango wa mto una fungu la mchanga, na merikebu kubwa za moshi hazikuweza kuingia. Tanga ina ghuba yenye kina. Mwaka 1893 reli ilianza kujengwa kutoka Tanga, ikafika Korogwe mwaka 1902, na Moshi kabla ya vita vya 1914. Mizigo iliyokuwa ikiteremka na misafara hadi Pangani ikashika njia ya chuma. Mwaka huo huo wa 1893, Kikogwe, upande wa kusini wa mto, Richard Hindorf alipanda miche 62 ya mkonge, masalio ya 1,000 iliyoagizwa kutoka Florida. Zao lililokuja kuitajirisha Tanganyika lilianzia hapa, na bandari iliyonenepa kwalo ikawa Tanga.

Hata hivyo kimya kina faida zake. Shaaban Robert, aliyeingia Idara ya Forodha mwaka 1926, alifanya kazi Pangani akiwa kijana. Mimi, karani mwenzake katika kazi ingawa si mwenzake katika kalamu, nilisimama kitambo mbele ya nyumba kongwe ya forodha kando ya mto, nikimwaza akihesabu magunia mchana na vina usiku.

Katika mwongo huu barabara ya lami na daraja la kuuvuka mto zimeanza kujengwa. Ni jambo jema. Mgonjwa wa Bweni hakustahili kungoja pantoni usiku. Lakini barabara nzuri huleta na wageni, na wageni wataonyeshwa mchanga kwanza. Kuta za chokaa na matumbawe katika mitaa ya zamani zinabomoka mvua hadi mvua, na sikuona vijana wengi wawezao kutaja kilichotendeka pale mwaka 1889.

Yule mzee wa pantoni aliweza. Nilipomtajia Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, aliyetunga Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, aliinua mkono kuninyamazisha, akaanza kuusoma kwa ghibu, ubeti kwa ubeti, kwa sauti iliyoshindana na injini. Wenye baiskeli walisogea kusikiliza. Kisha chombo kiligusa ukingo wa Bweni, mlango ukateremshwa, kila mtu akashika mzigo wake, na mzee alikuwa hajafika nusu.