Chozi wa Marungu na mhandisi wa migodi

Ukipanda kutoka Moba, kando ya Ziwa Tanganyika upande wa Kongo, kwenda Pepa, joto la ziwa unaliacha nyuma na mwili unaanza kudai koti. Huko juu ndiko Marungu: nyasi mpaka macho yachoke, vilele vinavyofika mita 2,460, na mto Mulobozi umeukata uwanda vipande viwili. Mgeni atadhani nchi hii haina miti. Ipo, ila imejificha mabondeni kandokando ya vijito, mizambarau ya mwitu ikisimama miguu majini. Humo anaishi ndege asiyepatikana pengine popote duniani.

Kiswahili kinamwita chozi, kama ndugu zake wote wa mdomo uliopinda wanaofyonza maua. Dume la Marungu linang'aa kijani kichwani na mgongoni, na limejifunga mshipi mwekundu kifuani. Mtaalamu wa ndege J. D. Macdonald alimpa jina la kitaalamu mwaka 1958, leo Cinnyris prigoginei, kwa heshima ya mtu ambaye kazi yake haikuwa ndege hata kidogo.

Alexandre Prigogine alizaliwa Moscow mwaka 1913, akaja Kongo ya Wabelgiji kama mhandisi wa migodi. Mdogo wake, Ilya, ndiye aliyepata Nobeli ya kemia mwaka 1977. Kaka mtu alitafuta madini kwa mshahara na ndege kwa mapenzi. Mwaka 1955 alitangaza kandege ka mlima Kabobo, kaskazini mwa mji wa Kalemie, nako hakajulikani nje ya mlima huo. Mwaka 1974 yeye na mtaalamu wa ndege Robert Dowsett wakachapisha taarifa ya ndege wa Marungu, na kila anayepanda huko kuhesabu huanzia hapo.

Kuhesabu ndege si kuhesabu ng'ombe zizini. Unatega nyavu laini kati ya miti kabla ya mapambazuko, unasikiliza sauti, unapima bawa na mdomo, kisha unalinganisha na ngozi zilizohifadhiwa makumbusho. Baada ya hayo yote bado mabishano yapo. Wako waliosema chozi wa Marungu ni tawi tu la chozi mwingine aliyeenea mbali zaidi. Usidhani ni ubishi wa wasomi wasio na kazi: tawi likikauka, orodha ya dunia haipungui hata jina moja. Leo anahesabiwa spishi kamili, tena miongoni mwa walio hatarini kutoweka.

Hatari yenyewe inaonekana kwa macho. Pepa imejulikana kwa ng'ombe tangu enzi za Wabelgiji. Baridi na nyasi viliwafaa. Kundi likiteremka kunywa, kwato zinavunja ukingo, udongo unaporomoka, mizizi inabaki nje kama mbavu, na mvua kubwa inaumalizia mti. Shoka nalo halijalala.

Vita vya Kongo vilifunga njia kwa wapimaji. Mwaka 2000 Pepa ilipiganiwa, ikabadilisha mikono kati ya jeshi la Kabila, rais wa Kongo wa wakati huo, na Wanyarwanda, kabla ya mji wa Pweto kuanguka mwezi Desemba. Mapema mwaka 2007 ndipo wataalamu, wakiwemo wa kituo cha utafiti cha Lwiro, waliporudi milimani. Katika milima ya Misotshi na Kabobo, walikokuta msitu bado umeshikamana, waliondoka na wanyama sita wasiojulikana kwa sayansi: popo mmoja, panya mmoja, vyura wawili, na virukanjia wawili, wale wadogo wa pua ndefu. Huko Marungu walikuta uoto wa asili karibu wote umeliwa na mashamba na malisho.

Mwaka 2016 Kabobo ikatangazwa hifadhi. Kandege ka Prigogine kamepata mipaka na walinzi. Marungu haikuwamo katika hifadhi hiyo, na chozi aliyebeba jina la mhandisi amebaki na ukanda wake mwembamba wa miti, mahali palepale ng'ombe wanapoteremka kunywa.