Dini Kuu na Uso wa Anayepewa

Njaa kali iliwahi kuingia katika dola ya Qi, mashariki ya China ya kale. Bwana mmoja aitwaye Qian Ao akapika chakula, akakiweka kando ya barabara kwa ajili ya wapitao. Akaja mtu anajikokota, uso ameufunika kwa mkono wa vazi lake, miguu anaiburuta. Qian Ao akashika chakula mkono mmoja na kinywaji mkono wa pili, akamwita kwa ukali, kama aitwavyo mtu duni, aje ale. Yule mtu akainua macho, akajibu kuwa amefikia hali ile kwa sababu ya kukataa chakula cha kuitwa namna hiyo. Akaenda zake. Qian Ao akamfuata na kumwomba radhi, lakini mtu yule hakula, mpaka akafa.

Kisa hicho kimo katika Liji, kitabu cha adabu na taratibu cha Wakonfusio, na mwisho wake yamewekwa maoni ya Zengzi, mwanafunzi wa Confucius. Zengzi aliona kwamba marehemu alizidisha: alipoitwa vibaya alikuwa na haki ya kuondoka, lakini alipoombwa radhi angekula. Naafikiana na Zengzi. Ila linalonishangaza kila ninapokisoma kisa hiki ni jambo waliloona wazee wale kuwa linastahili mjadala. Watu wanakufa kwa njaa, na wao wanapima namna mtu mmoja alivyoitwa. Mencius, mwanafalsafa wa karne ya 4 KK, naye aliandika kwamba bakuli la chakula laweza kuwa ndilo linalotenganisha uhai na mauti, na bado likitolewa kwa matusi mpita njia hatalipokea, na likikanyagwa kwanza hata ombaomba atalikataa.

Tumezoea kusema kuwa dini zote zinahimiza kutoa. Ni kweli, lakini ni kauli nyepesi, na inamtazama mtoaji peke yake. Ukizifuata kanuni zenyewe, dini kwa dini na karne kwa karne, unakuta hofu moja inayojirudia: kwamba sadaka inaweza kumshibisha mtu na papo hapo ikamvunja. Kiasi cha kutoa kilipangwa mapema na kwa urahisi. Walichohangaika nacho wanazuoni kwa muda mrefu zaidi ni uso wa anayepewa.

Huko India, Upanishad ya Taittiriya, mojawapo ya maandiko ya kale ya Wahindu, inamwagiza mwanafunzi anayehitimu kwa mwalimu wake atoe kwa imani, na pia atoe kwa haya. Kwamba mtoaji ndiye aone haya! Bhagavad Gita, katika sura ya 17, inagawa utoaji mafungu matatu, na aina ya chini kabisa ni ile inayotolewa mahali pasipostahili, wakati usiofaa, bila heshima na kwa dharau. Mwaka 643 mtawa wa Kichina Xuanzang alishuhudia mfalme Harsha akigawa mali ya hazina yake huko Prayaga, panapokutana mito ya Ganges na Yamuna. Ugawaji uliendelea kwa wiki nyingi, mpaka mfalme akavua na mapambo yake, kisha akamwomba dada yake Rajyashri nguo kuukuu ya kujifunika. Kulikuwa na fahari nyingi katika shughuli ile, sikatai. Lakini mtu aliyeianza akiwa mtoaji aliimaliza akiwa mwombaji, na hilo halikuwa ajali.

Wabudha walilipanga jambo hili kwa namna nyingine kabisa. Mtawa hupita asubuhi na bakuli lake, kimya, bila kuomba. Anayeweka chakula ndiye anayeinama, kwa kuwa ndiye anayechuma thawabu. Mtawa hana wajibu wa kushukuru. Na kwa sababu mpokeaji ndiye anayempa mtoaji nafasi ya kutenda wema, anaweza pia kumnyima. Kanuni za kale za watawa zinaruhusu bakuli lipinduliwe mbele ya mtu aliyeitendea jumuiya yao ubaya, kukataa sadaka yake. Mwaka 1990, na tena mwaka 2007, watawa wa Burma waliwapindulia bakuli watawala wa kijeshi na jamaa zao. Majenerali wenye bunduki walijikuta hawana wa kumpa.

Torati ilianzia shambani. Mwenye shamba aliamriwa asivune pembe za konde lake wala asirudi kuokota masuke yaliyodondoka, kwa kuwa hayo ni ya maskini na mgeni. Ndivyo Ruthu Mmoabi, mjane asiye na kwao, alivyoingia katika shamba la Boazi huko Bethlehemu na kuokota kwa mkono wake. Masuke yale hakukabidhiwa na mtu. Alivuna kilichokwisha kuwa chake kwa sheria. Mishna, mkusanyiko wa sheria simulizi za Wayahudi uliokamilika mnamo mwaka 200 hivi, ikaongeza kuwa sehemu inayoachwa isipungue moja ya sitini.

Lakini Wayahudi hawakubaki wakulima siku zote. Mjini hakuna pembe ya shamba, na swali likarudi upya: utampaje mtu bila kumwadhiri? Jibu lililo kamili kuliko yote ninayoyajua lilitoka Misri. Musa bin Maimun, mzaliwa wa Cordoba huko Hispania, alikuwa tabibu wa wakubwa wa Cairo zama za Sultani Salahuddin, na alifariki mwaka 1204. Katika Mishneh Torah, kitabu chake kikubwa cha sheria, alizipanga ngazi nane za utoaji. Ya chini kabisa ni kutoa kwa uso uliokunjwa. Juu yake ni kutoa pungufu lakini kwa uso mkunjufu. Kisha kutoa baada ya kuombwa. Kisha kutoa kabla ya kuombwa. Kuanzia hapo swali ni nani anamjua nani. Anawataja wanazuoni waliofunga fedha kwenye shuka na kuzitupa nyuma ya migongo yao, maskini wakaziokota bila kutazamwa. Anawataja waliokwenda kwa siri kuacha fedha milangoni mwa watu. Anataja chumba katika Hekalu la Yerusalemu ambamo watu wema waliweka na maskini wa nasaba njema wakachukua, hawa hawawaoni wale. Ngazi ya juu kabisa inavuka usiri wote huo: kumshika mkono aliyeyumba kwa zawadi, mkopo, ubia au kazi, asije akahitaji kuomba.

Haya hayakuwa mawazo ya maktabani. Mwishoni mwa karne ya 19 maelfu kwa maelfu ya karatasi za zamani zilitolewa katika chumba cha sinagogi la Ben Ezra huko Fustat, Cairo ya kale, na nyingi zikapelekwa Cambridge, Uingereza. Humo mna orodha za waliokuwa wakipewa mkate wa jamii, na mna barua za watu wanaoomba. Unazikuta familia zilizokuwa na chao zikafilisika, ambazo jamii ilijitahidi kuzisitiri. Wanaandika kwamba hawajawahi kuufunua uso wao kwa kuomba, na wanasihi wasaidiwe kabla hawajafikia huko. Bin Maimun aliishi katika mji huohuo. Naamini aliziandika ngazi zake huku akizijua nyuso za watu wa namna hiyo.

Yesu aliwaambia wafuasi wake kwamba mkono wa kushoto usijue unachofanya wa kulia katika kutoa sadaka. Mtume Muhammad (S.A.W.), katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, aliwataja watu saba watakaopata kivuli cha Mwenyezi Mungu Siku ya Kiyama, na mmoja wao ni yule aliyetoa sadaka akaificha hata mkono wa kushoto usijue ulichotoa wa kulia. Mfano ni uleule. Sioni haja ya kubishana nani alimtangulia nani.

Kanisa la mwanzo lilijulikana kwa utoaji hata kwa mahasimu wake. Mfalme Julian wa Rumi, aliyetaka kuirudisha dini ya miungu ya kale, analalamika katika barua ya mwaka 362 inayonasibishwa naye kwamba Wakristo wanawalisha maskini wao na maskini wa wapagani pia. Miaka michache baadaye Askofu Basil alijenga nje ya mji wa Kaisaria, katika Uturuki ya leo, makao ya wagonjwa na mafukara. Rafiki yake Gregory wa Nazianzus anasimulia kuwa Basil aliwabusu wenye ukoma kama ndugu zake. Weka picha hiyo kando ya sheria iliyopitishwa Uingereza, nchi ya Kikristo, mwaka 1697. Kila aliyepokea msaada wa parokia, na mkewe na watoto wake, alitakiwa kushona begani herufi P ya kitambaa chekundu au cha buluu, aonekane na wote kuwa ni maskini. Sheria hiyo ilidumu katika vitabu hadi mwaka 1810. Msaada ulitoka kweli, na walioutoa walikwenda kanisani kila Jumapili.

Katika Uislamu, Kurani inaita fungu la mwombaji na asiyejaaliwa kuwa ni haki maalumu ndani ya mali ya mwenye nacho. Katika Sura ya Al-Baqara waumini wanaonywa wasiziharibu sadaka zao kwa masimbulizi na udhia. Chakula cha masimango, kwa hukumu hiyo, hakiandikwi popote kwa aliyekitoa. Masimulizi ya Madina yanamtaja Ali bin Hussein, Zaynul Abidin, mjukuu wa Imamu Ali, aliyekuwa akibeba magunia ya chakula usiku mgongoni mwake na kuyaacha milangoni. Watu walimjua alipofariki, magunia yalipokoma kuja na waoshaji wakaona alama mgongoni pake. Hata hivyo Kurani haikukataza kutoa hadharani. Inasema kudhihirisha ni vizuri, na kuficha ni bora zaidi. Zaka yenyewe ilikusanywa na dola waziwazi, na Khalifa Abu Bakr alipigana na waliokataa kuitoa.

Masingasinga walikwepa usiri na aibu kwa pamoja. Guru Nanak, mwasisi wa dini yao, aliyefariki mwaka 1539, alianzisha langar, jiko la wote, na Guru wa tatu, Amar Das, akaweka sharti kwamba anayetaka kumwona akae kwanza mkekani na wengine ale. Pale Brahmani wa tabaka la juu na mfagizi wanakula chakula kimoja, sakafu moja, na hakuna awezaye kusema nani kati yao alikuja kwa njaa. Msafiri wa barabara ya Mombasa na Nairobi anaweza kuliona hilo kwa macho yake huko Makindu, kwenye hekalu lililojengwa mwaka 1926 na Masingasinga waliofanya kazi katika reli. Hakuna anayeulizwa dini yake, na chakula hakiuzwi.

Ninayaandika haya nikiwa na uchungu, kwa sababu tumerudi kwa Qian Ao. Mwezi wa Ramadhani, au Krismasi ikikaribia, tunawaona wazee wetu wamepangwa juani, wameshikishwa mfuko wa unga au kibaba cha mchele, na mbele yao kamera. Picha inasambazwa kabla mchele haujapikwa. Huko Sanaa, Yemen, mwezi Aprili 2023, watu zaidi ya 70 walikufa kwa kukanyagana wakigombea sadaka ya fedha mwishoni mwa Ramadhani. Hao walipoteza zaidi ya heshima.

Njia ya kuiepuka foleni hiyo imo katika vitabu vyetu wenyewe. Imamu Nawawi wa Sham (Syria), aliyefariki mwaka 1277, ana kitabu kiitwacho Minhaj al-Talibin ambacho kimesomeshwa vizazi na vizazi katika mwambao wetu wa Kishafii. Katika kitabu chake kingine, al-Majmu', anajadili fakiri apewe zaka kiasi gani. Imamu Ghazali na wanazuoni wengine walisema chakula cha mwaka mmoja. Nawawi anashika kauli kwamba apewe cha kumtoa katika uhitaji moja kwa moja: fundi apewe bei ya zana za kazi yake, ziwe rahisi au ghali, na mfanyabiashara apewe mtaji unaolingana na biashara yake. Anatoa hata makadirio. Muuza mboga zitamtosha dirhamu 5 au 10. Muuza vito apewe 10,000. Nimewasikia watu wakistaajabu kwamba zaka impe mtu fedha nyingi hivyo, na mshangao huo unaonyesha tulivyomzoea maskini wa foleni. Nawawi alikuwa akimhesabia mtu ambaye mwaka unaofuata atakuwa sokoni na meza yake, na miaka michache mbele, biashara ikimkubali, atahesabiwa yeye zaka ya kutoa.