Sare za Wanawake Wakati wa Vita: Nani Alijitolea, Nani Aliitwa?

Si mara moja tumekutana na tafsiri inayoziita nguo zote za kazi walizovaa wanawake wa Uingereza katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia kwa jina moja tu: “sare za askari wa kike wa kujitolea”. Jina hilo lina makosa mawili. Baadhi ya wanawake hao hawakuwa askari kamwe. Na baadhi ya wale waliokuwa askari hawakujitolea. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba tarehe ya vazi na jina la vazi ni mambo yasiyotengana, na kwamba mfasiri hana budi kuijua tarehe kabla ya kuliandika jina.

Tuanze na WVS. Chama hiki kiliundwa London mwezi Mei, 1938, chini ya uongozi wa Lady Reading, kwa jina tunaloweza kulieleza kuwa Huduma za Kujitolea za Wanawake kwa Tahadhari dhidi ya Mashambulizi ya Ndege. Mwaka 1939 maneno ya tahadhari yaliondolewa, na mahali pake pakawekwa Ulinzi wa Raia. Mwaka 1966 likaongezwa neno la Kifalme, herufi zikawa WRVS. Kwa hiyo herufi za beji ni kalenda: vazi lenye herufi WRVS haliwezi kuwa la wakati wa vita, hata kama kitambaa chake kinafanana sana na cha zamani.

Suti ya WVS ilibuniwa na Digby Morton mwaka 1939. Ilikuwa ya sufu ya kijani iliyochanganywa na kijivu, na ndani yake ilivaliwa sweta au blauzi nyekundu iliyoiva. Jambo la kukumbuka ni kwamba wanachama walijinunulia suti hiyo. Wengi hawakuimudu, wakafanya kazi ya kuhamisha watoto kutoka mijini na kugawa chai na chakula wakiwa na beji na utepe wa mkononi tu. Kuanzia Juni 1, 1941 nguo ziliuzwa kwa kuponi. Mwaka huo huo ikatokea alama ya CC41 kwenye nguo zilizotengenezwa kwa masharti ya serikali. Nguo yenye alama hiyo haikushonwa kabla ya 1941. Lakini kwa kuwa alama iliendelea kutumika hadi 1952, haithibitishi peke yake kwamba nguo ni ya wakati wa vita.

Hali ya ATS ilikuwa nyingine. Hiki kilikuwa kikosi saidizi cha jeshi la nchi kavu, kilichoanzishwa Septemba, 1938. Sare yake ya kaki ilitolewa na serikali, na ndani yake hupatikana kibandiko chenye kipimo, jina la mtengenezaji, mara nyingi mwaka, na alama ya mshale inayoonyesha mali ya serikali. Beji yake ina herufi ATS ndani ya shada la majani, na taji juu. Jina hilo lilikoma Februari 1, 1949 kikosi kilipobadilishwa kuwa WRAC. Kibandiko cha ndani kina uzito kuliko beji, maana beji huhamishwa kwa urahisi kutoka vazi moja hadi jingine.

Kuhusu taji, tahadhari inahitajika. Zamani ilitosha kusema kwamba taji la wafalme ni dalili ya beji iliyotangulia utawala wa Elizabeth II, kwa sababu malkia huyo alichagua umbo jingine. Tangu 2022, Charles III amerudia umbo linalofanana na lile la kwanza. Taji pekee si ushahidi.

Sasa turudi kwenye neno “kujitolea”. Wanawake wa kwanza wa ATS walijiandikisha kwa hiari. Mwaka 1941 kikosi kilipewa hadhi kamili ya kijeshi, na mwezi Desemba mwaka huo sheria ikaruhusu wanawake wasioolewa wa umri wa miaka 20 hadi 30 waitwe kutumikia taifa. Aliyevaa kaki mwaka 1939 alijitolea. Aliyevaa kaki mwaka 1943 huenda aliitwa. Kumwita huyu wa pili mtu wa kujitolea ni kuifuta sheria iliyomtoa nyumbani kwake. Na kumwita mwanachama wa WVS askari ni kumnyang'anya sifa ya kutumika bila kushurutishwa, kwa suti aliyoilipia mwenyewe.

Kiswahili hakina upungufu hapa. Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa Tanzania Bara mwaka 1963, limetuzoesha kutofautisha vijana wa kujitolea na vijana wa mujibu wa sheria. Msamiati huo unatufaa.

Kwa hiyo tunapendekeza: “sare” libaki neno la jumla, kwani halina maana ya kijeshi peke yake, “magwanda” yatumike kwa mavazi ya kijeshi tu, “mtumishi wa kujitolea” atumike kwa mwanachama wa WVS, na “askari wa kikosi saidizi” kwa ATS, ikiongezwa “wa kujitolea” au “wa mujibu wa sheria” pale tu ambapo ushahidi upo. Pasipo na ushahidi, heri kunyamaza kuliko kukisia.